Kitenzi "eschew" hatua kwa hatua: matamshi, maana na matumizi yake katika Kiingereza rasmi

Anayetafuta maana ya "eschew" kwa Kiswahili kwa kawaida hupewa neno moja tu: epuka. Mwanafunzi akiishika tafsiri hiyo peke yake, ataandika kwamba dereva "eschewed" shimo la barabarani, na sentensi yake itasomeka kana kwamba dereva huyo ana msimamo wa kimaadili dhidi ya mashimo. Kitenzi hiki kina maana ya kujiepusha na jambo kwa hiari. Jambo lenyewe lipo, linawezekana, pengine wengine wote wanalifanya, lakini mhusika ameamua kuliacha kwa sababu ya kanuni, imani, ladha au busara yake. Karibu kila kosa linalofanywa na kitenzi hiki huanzia pale mwandishi anaposahau hiyo hiari.

## Anza na sauti

Neno lina silabi mbili: is-CHUU. Wapo wanaoanza na "e" badala ya "i", yaani es-CHUU, nao hawakosei. Herufi "sch" zisikubabaishe ukasoma "sk" kama katika "school". Hapa "s" inafunga silabi ya kwanza, na "ch" inafungua ya pili. Hiyo "ch" ni ile ile ya "chumba", kwa hiyo Mswahili hana sauti mpya ya kujifunza. Silabi ya pili hutamkwa sawasawa na "chew", kitenzi cha kutafuna, ingawa maneno hayo mawili hayana undugu wowote wa asili. Baadhi ya Wamarekani husema e-SHUU, na kamusi za kwao zinaitambua, lakini is-CHUU inaeleweka na kukubalika kila mahali.

Tatizo letu liko kwenye mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi utataka kusema IS-chu. Ukazie mwisho, na vokali uivute. Umbo la "eschews" huishia na sauti ya "z". Umbo la wakati uliopita, "eschewed", ni is-CHUUD, silabi mbili zile zile. Usiongeze "-edi" mwishoni, maana hiyo vokali ya ziada ndiyo inayomfanya msikilizaji apotee. "Eschewing" ina silabi tatu: is-CHUU-ing. Ipo pia nomino, "eschewal", lakini ni adimu, na mara nyingi sentensi hunyooka zaidi ukirudi kwenye kitenzi.

## Maswali matatu kabla ya kuliandika

Ukiwa na sentensi mkononi na hujui kama "eschew" inafaa, jiulize hivi, kwa mpangilio huu:

1. Je, mhusika angeweza kulifanya jambo hilo kama angetaka?
2. Je, ameliacha kwa uamuzi wake, akiwa na sababu anayoisimamia?
3. Je, ni desturi au msimamo wake, badala ya kuwa tukio la mara moja?

Swali la kwanza halina msamaha. Jibu likiwa hapana, achana na kitenzi hiki. Mtu hawezi "eschew" ugonjwa, ajali, mvua wala kifo, kwa sababu hivyo si vitu vya kuchagua. Hapo "avoid" au "escape" ndiyo inayofaa. Hata umaskini hauingii, isipokuwa unamzungumzia mtu aliyeuchagua kwa nadhiri.

Swali la pili ndilo linalotenganisha "eschew" na "avoid" pale ambapo zote mbili zinawezekana kisarufi. Chukua "She avoids sugar" na "She eschews sugar". Ya kwanza inaweza kuwa ya mtu aliyekatazwa sukari na daktari, au ambaye sukari inamletea maumivu ya jino. Ya pili inamchora mtu aliyejiwekea mwiko: hatumii sukari, na ukimwuliza atakupa hoja zake. Kwa hiyo ukiandika "eschews" juu ya mgonjwa aliyekatazwa, umebadilisha habari. Ni kosa la maana hilo, si la mtindo tu.

Swali la tatu ni legevu zaidi. Kwa kawaida kitenzi hiki hupenda mazoea, na ndiyo maana kikiwa katika wakati uliopo hulingana vizuri na kiambishi chetu cha "hu-": "He eschews publicity" ni "Hujiepusha na kutangazwa." Lakini tukio moja linaweza kukubalika ikiwa mtu ameikataa desturi iliyotarajiwa. "For the ceremony he eschewed the traditional robe" ni sahihi kabisa, ingawa sherehe ni moja, kwa sababu joho lilitarajiwa na yeye akaamua kutolivaa.

## Kiswahili kina neno lake, nalo si "epuka" tupu

Mzizi wetu wa -epa una watoto wengi, na kuwatazama mmoja mmoja kunasaidia kuliko orodha ndefu ya visawe vya Kiingereza.

"Kuepa" ni mwendo wa mwili au wa ghafla: unaepa jiwe, unaepa ngumi. Kiingereza huita hiyo "dodge". "Kuepuka" ni pana, inabeba bahati, tahadhari na makusudi kwa pamoja, sawasawa na "avoid". "Kukwepa", ambayo ni ya ukoo wa maana ingawa umbo lake ni jingine, ina harufu ya ujanja: mtu hukwepa kodi, hukwepa swali, hukwepa wajibu. Hapo Kiingereza kinataka "evade" au "shirk". Kisha kuna "kujiepusha na". Kiambishi cha "ji-" kinamrudishia mtenda tendo lake mwenyewe: anajiweka mbali, kwa nafsi yake, na jambo ambalo lingeweza kumpata. Hicho ndicho kiini cha "eschew", na ukitaka tafsiri moja ya kubaki nayo kichwani, bakia na hiyo.

"Kuepukana na" nayo iko jirani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Ayubu anaelezwa kuwa mtu ambaye "feared God, and eschewed evil"; watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union wakasema alimcha Mungu na "kuepukana na uovu". Ni chaguo zuri, kwa sababu Ayubu hakuponyoka uovu kwa bahati. Aliuacha.

Zamani, hata hivyo, mpaka wa kitenzi hiki ulikuwa mpana zaidi. Kiingereza kilikitoa kwenye Kifaransa katika karne ya 14, na Kifaransa nacho kilikuwa kimekitoa kwenye lugha za Kijerumani, kutoka katika mzizi ule ule uliozaa "shy", mwenye haya au mwoga. Wazo la mwanzo lilikuwa la kushtuka na kukimbia. Ndiyo maana katika tamthilia ya Shakespeare ya The Merry Wives of Windsor mhusika mmoja anaweza kusema "What cannot be eschew'd must be embraced", akiwa na maana kwamba kisichoepukika hupokelewa kwa mikono miwili. Siku hizi sentensi hiyo ingeandikwa kwa "avoided", kwa kuwa "eschew" imebanwa na kubaki na maana ya hiari. Ukikutana na matumizi kama hayo katika maandishi ya kale, yaelewe hivyo, ila usiyaige. Pia usijenge "eschewable" au "uneschewable" ukidhani umepata "kinachoepukika" na "kisichoepukika". Maneno ya kutumia ni "avoidable" na "unavoidable".

## Muundo: yambwa mara moja, bila kihusishi

Hiki ni kitenzi elekezi. Kinachoepukwa, yaani yambwa, lazima kitajwe, na kikae mara tu baada ya kitenzi:

"The party eschews violence." Chama hujiepusha na vurugu.
"The report eschews jargon." Ripoti haitumii lugha ya kitaalamu isiyoeleweka na wengi.

Sasa angalia mtego. Kwa sababu sisi husema kujiepusha *na* jambo, mkono wa Mswahili huandika "eschew from violence" au hata "eschew with violence". Vyote viwili ni makosa. Kiingereza kinaweka "from" kwenye "abstain from" na "refrain from", na ukaribu wa maana ndio unaoponza. Mtego wa pili ni "eschew to": kwa kuwa "kuepuka kutumia" ina vitenzi viwili vilivyofuatana, watu huandika "eschew to use". Kitenzi kinachofuata lazima kiwe na "-ing", yaani "eschew using".

Hata hivyo, "-ing" hiyo mara nyingi haihitajiki. "He eschews wearing ties" haina kosa la sarufi, lakini "He eschews ties" ni bora, kwa kuwa kila msomaji anajua tai huvaliwa. Kabla ya kuandika kitenzi cha pili, jaribu kukifuta. Maana ikibaki, kiache kimefutwa.

Yambwa inayokipendeza kitenzi hiki ni ya jumla au ya dhahania: "violence", "publicity", "luxury", "convention", "jargon", "politics", "meat", "alcohol", "labels", "the limelight". Kitu kimoja mahususi, kama "that chair" au "the 3 o'clock meeting", hukaa vibaya. Mtu anaweza "eschew meetings" kama mtindo wake wa kazi, lakini mkutano mmoja wa leo "he skipped" au "he avoided". Watu nao hawakai vizuri kama yambwa. Jamii ikimtenga mtu, kitenzi chake ni "shun".

Kiima, yaani anayejiepusha, kinaweza kuwa mtu, taasisi au kazi ya mikono ya mtu. Jengo, kitabu, filamu na ripoti zote zinaweza "eschew" kitu, maana nyuma yake yuko aliyeamua. Mto hauwezi.

Kuhusu nyakati, tatu ndizo utakazozihitaji zaidi: wakati uliopo wa mazoea ("eschews"), uliopita ("eschewed"), na ule wa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, ambao hupenda kuandamana na "long": "The company has long eschewed advertising." Umbo la "is eschewing" si la kawaida sana, kwa kuwa msimamo hauonekani ukitendeka dakika hii. "Eschewing" hupata nafasi yake mwanzoni mwa sentensi: "Eschewing formality, she sat on the floor with the children." Kauli ya kutendwa, "Ornament is eschewed", inawezekana, ila ni nzito. Itumie pale tu asiyetajwa hana umuhimu.

Vielezi vinavyozoeana nacho ni "largely", "generally", "studiously" na "altogether", huyu wa mwisho akija baada ya yambwa: "They eschewed meat altogether." Ukiweka "deliberately" unarudia kile ambacho kitenzi kimeshasema.

## "In favour of": pale mpangilio unapogeuka

Muundo huu unastahili kukaliwa kitako. Ndio unaokipa kitenzi hiki kazi yake nzuri kuliko zote, na ndio ambao Waswahili wengi huugeuza kichwa chini.

Anayejiepusha na jambo mara nyingi ana jingine alilolichagua. Kiingereza huviunganisha hivi: kitenzi, kilichoachwa, "in favour of", kilichochaguliwa. "He eschewed the car in favour of a bicycle." Aliacha gari, akachukua baiskeli. Marekani huandika "favor", bila "u". Unaweza pia kufupisha kwa "for": "He eschewed the car for a bicycle."

Sisi kwa kawaida tungesema "Alichagua baiskeli badala ya gari". Tazama kinachotokea: katika Kiswahili kilichochaguliwa kinatangulia, na "badala ya" inasimama mbele ya kilichoachwa. "In favour of" inasimama mbele ya kilichochaguliwa. Mwanafunzi akilinganisha "badala ya" na "in favour of" neno kwa neno, atapata "He eschewed a bicycle in favour of the car", na habari imegeuka kinyume. Sarufi haitamwonya, wala programu ya kusahihisha tahajia. Njia ya kujikinga ni kugawa kazi: kwanza andika "eschew" na kilichoachwa, weka nukta ya muda, soma kama ni kweli. Kisha endelea.

Tuitumie njia hiyo kwa sentensi nzima. Tuseme unataka kueleza kwamba mchoraji fulani hatumii rangi kali, kazi zake zote huchora kwa mkaa. Kilichoachwa ni rangi kali: "The artist eschews bright colours." Ni kweli? Ndiyo. Ni hiari? Ndiyo, rangi zipo. Ni mazoea? Ndiyo, kwa hiyo wakati uliopo. Sasa ongeza alichokichagua: "The artist eschews bright colours in favour of charcoal." Kitenzi cha "kuchora" hakikuhitajika kabisa.

## Majirani wanaochanganywa nacho

"Refrain from" ni kujizuia kwa wakati huu, mara nyingi kukiwa na hamu ya kutenda. Ndiyo maana mabango husema "Please refrain from smoking". Bango lenye "eschew" lingekuwa linamhubiria mgeni juu ya maisha yake yote, wakati mwenye jengo anataka tu moshi usiingie ndani.

"Abstain from" ina mambo yake maalumu: pombe, chakula wakati wa mfungo, kujamiiana, na kutopiga kura. Mjumbe asiyeunga mkono wala kupinga "abstains". "Eschew" haifai hapo.

"Forgo" ni kujinyima kitu kizuri ulichokuwa na haki nacho, kama mshahara au likizo. Ina maumivu kidogo ndani yake, na "eschew" haina maumivu hayo. Anayejiepusha na anasa kwa msimamo huenda haioni hasara yoyote.

"Renounce" inadai mambo mawili ambayo "eschew" haidai: kwamba ulikuwa nacho kitu hicho, na kwamba umekiacha kwa kutamka. Mtu ambaye hajawahi kuonja nyama maishani anaweza "eschew meat", lakini hana cha "renounce".

"Evade" na "boycott" nimeshazigusa au zinajieleza: ya kwanza ni kukwepa kwa hila, ya pili ni kususia pamoja na wengine ili kushinikiza. Tajiri asiyelipa kodi "evades" kodi. Kuandika "eschews taxes" ni kumvisha heshima ya kanuni asiyostahili.

Na kuna maneno yanayofanana kwa sura tu. "Espouse" ni karibu kinyume kamili: kuikumbatia na kuisimamia fikra. "Ensue" ni kufuatia kama matokeo. "Askew" ni kwenda kombo. Ukiwa na haraka, "espouse" ndiyo hatari zaidi, maana "They espouse violence" na "They eschew violence" zimepishana kama mchana na usiku.

## Wapi liandikwe, wapi liachwe

Makazi ya kitenzi hiki ni maandishi: insha, makala ya gazeti, mapitio ya vitabu na sanaa, ripoti, wasifu wa mtu. Katika mazungumzo ya kawaida, ujumbe wa simu au maelekezo ya kazi, linasikika limevaa suti mahali pa kanzu. Sema "avoid", "stay away from" au "don't use". Katika insha moja ya kurasa chache, mara moja inatosha, kwa sababu ni neno linaloonekana, na likirudiwa msomaji huacha kusoma hoja na kuanza kuhesabu neno. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe wana msemo wa mzaha, "Eschew obfuscation", unaomtaka mtu aache lugha ya kuficha maana huku ukitumia maneno mawili magumu. Kumbuka mzaha huo kila unapotaka kulitumia kwa kuamuru.

## Sentensi za kurekebisha

Zisome kwanza, uamue mwenyewe tatizo, ndipo uangalie maelezo.

"The driver eschewed the goat." Tendo la ghafla, hakuna msimamo. Andika "swerved to avoid the goat".

"Many pupils eschew from asking questions." "From" iondoke, lakini kazi haijaisha: wanafunzi hao wananyamaza kwa woga, hawajachagua ukimya. "Many pupils avoid asking questions."

"The minister eschewed the question." Kama alizungushazungusha maneno, ni "evaded" au "dodged". Kama ana kanuni ya kutozungumza na waandishi wa habari, sema hivyo: "The minister eschews interviews."

"The scientists eschewed to make big promises." Rekebisha kwanza umbo: "eschewed making big promises". Kisha futa "making": "The scientists eschewed big promises."

"Because the bridge had collapsed, villagers eschewed the road." Daraja limeanguka, hawana njia nyingine, swali la kwanza limejibiwa hapana. "Villagers could not use the road" inatosha.

"She eschewed a simple style in favour of long sentences", ikiwa unamsifu mwandishi ambaye sentensi zake ni fupi na nyepesi. Mpangilio umegeuka. "She eschewed long sentences in favour of a simple style."